Hita ya Saa Kumi na Mbili

Fundi wa stima wa ploti yetu hapa Free Area hachagui swichi ya hita kabla hajaketi. Anavuta kiti, anasugua viganja, anauliza polepole: "Nani hukaa hapa, na huingia saa ngapi?" Kanisa la Keringet alilifungia taima, hita ziwake nusu saa kabla ya ibada. Ofisi moja ya Milimani aliiwekea swichi inayozima yenyewe watu wakitoka. Jana jioni nilikuwa kwake kurudisha ngazi. Ilipogonga saa kumi na mbili, hita ya ukutani ikawaka yenyewe, ikakipasha joto kiti chenye leso ya mkewe, Mama Shantel, ambaye ana mwaka wa tatu sasa Kanada. Nikainuka nimzimie.

"Wacha tu, jirani," akasema. "Mama Shantel huingia saa hii."