Umanjano Kwenye Pamba

Pale maabara walimwita Mama Pamba, na jina lilimkaa sawasawa. Kazi yake ilikuwa kupitisha pamba ya kijiti ndani ya kope ya chini ya mgonjwa, kuichovya kwenye kichupa, kisha kuiachia mashine itafute kirusi. Sharti lake lilikuwa moja, na alilishikilia mpaka wauguzi wakamchoka: mgonjwa aanze kwake, ndipo aende kwa daktari kutiwa rangi ya manjano ya kuonyesha michubuko ya jicho. Rangi ikitangulia, mashine haioni kitu.

Akalivunja mwenyewe siku alipokuja mdogo wake, fundi cherehani, jicho limeiva kama nyanya. Foleni ilikuwa ndefu, naye hakuwa na moyo wa kumwacha kitinda mimba wao akichuruzika machozi kwenye benchi. Akampitisha mlango wa nyuma hadi kwa daktari, pamba akaichukua baadaye. Ilitoka na umanjano. Aliuona, akajiambia ni tongotongo tu. Huruma ya dada hiyo, sijui uiite nini.

Jibu likatoka: hakuna kirusi. Kwa jibu hilo daktari akaandika matone ya kutuliza uvimbe. Jicho lenye kirusi cha malengelenge ukilitia matone hayo, kinga yake hulala, na kirusi hujilia kioo cha jicho kwa raha zake.

Umanjano ule haukumtoka akilini. Wiki iliyofuata alishindwa kuvumilia, akatoa kichupa kwenye friji, akayazimua maji yake ili rangi ipungue nguvu, akairudishia mashine. Mstari kwenye skrini ya mashine ukapanda: kirusi kipo. Akampigia simu mdogo wake.

"Dada, nilitaka kukupigia mimi," akacheka yule fundi. "Matone yenu kiboko. Haliumi tena. Jana uzi umeniingia jichoni, hata sikusikia."

Mama Pamba akaketi. Kirusi kile huua hisia za jicho kabla ya kuliua lenyewe.

"Acha hayo matone, uje sasa hivi."

"Nimalize gauni la watu kwanza. Kuna ukungu kidogo tu, utapita."

"Funika lile jicho jingine. Niambie unaona nini."

Cherehani iliyokuwa ikinguruma kwenye simu ikanyamaza.

"Mwanga wa dirisha nauona, dada," akasema polepole. "Cherehani ndiyo siioni."