Mawe ya Kiwanja cha Nakwa

Hapa Babati hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliishia darasa la nne, nikabeba magunia sokoni, nikanunua mkokoteni, kisha lori. Leo nina maghala mawili Maisaka, na wenye digrii wanakuja kuniuliza bei ya mbaazi.

Ghala la tatu nililitaka Nakwa. Kijana aliyeuza kiwanja alikuwa na karatasi kwa jina lake, mwenyekiti wa mtaa akagonga muhuri, siku moja tukamaliza. Jirani mmoja akaniuliza, "Mzee, mama yake umeongea naye?"

Nikamcheka. "Kwani mama yake ndiye anauza?"

Kwenye kona palikuwa na mafungu mawili ya mawe. Huku kwetu kila shamba lina mafungu hayo, watu huyaokota wakilima. Greda lilipomaliza kusawazisha nikamwambia fundi, "Mawe ya bure hayo. Tia kwenye msingi." Nilijiona mjanja, nimeokoa tripu nzima ya lori la mawe.

Siku ya tatu mama wa yule kijana akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mawe yaliyokuwa pale yako wapi?"

"Yamo kwenye msingi, mama."

Akautazama msingi. "Nililaza mapacha wangu pale. Saruji hatukuwa na uwezo nayo, baba yao akawawekea mawe. Ungeniuliza tu. Wala nisingekataa kuuza. Ningekuonyesha mahali pa kuacha."

Fundi akauliza chinichini, "Bosi, tuendelee?"

"Vunja."

Walivunja hadi jioni. Mama alikaa chini akichambua, jiwe moja moja, mengine yamegandwa na saruji, yamechanganyika na ya kununua. "Hili... hapana. Hili nadhani." Akapata kumi na moja. Kisha akasimama, akageuka huku na huku, hajui ayapeleke wapi. Greda lilikuwa limefuta kila alama. Mwanawe aliyeniuzia alisimama barabarani, hakusogea.

Nikamwambia, "Mama, chagua popote, nitawajengea vizuri, kwa marumaru."

"Mtoto hawekwi popote, baba."

Akayatia mawe kwenye ndoo, akajitwisha. Nilitaka kumpokea, akakataa.

Sikujenga tena. Kiwanja nilimwandikisha yeye, na mwanawe sikumdai. Kununua, greda, saruji, kujenga na kubomoa: shilingi milioni kumi na nne, laki tatu na elfu sabini.