Kizazi Kimejisokota

Juzi, nikiwa kwenye kazi yangu ya kutibu mifugo huko Mkunya, nilimwambia mwenye ng'ombe kuwa mfuko wa uzazi umejisokota. Nilikwepa neno "kizazi" kwa sababu wanawe walikuwa wanasikiliza, nami nakumbuka neno hilo lilivyonitesa utotoni.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, naye alikuwa akihangaika kuzaa tangu asubuhi. Alasiri bwana mifugo alijipaka sabuni, akaingiza mkono hadi begani, akakunja uso.

"Kizazi kimejisokota," alisema. "Tusipokinyoosha, ng'ombe anakufa."

Kila siku mwalimu alituita kizazi kilichopotoka, kwa hiyo nilijua tunasemwa sisi watoto. Nami nilikuwa nanuka mabibo niliyoiba kwenye mikorosho ya shamba la kijiji.

"Tunakinyooshaje?" aliuliza mwenyekiti.

"Kamba miguuni, ubao tumboni, halafu tunabingirisha."

Nilianza kulia. "Shikamoo, Bwana Mifugo. Nilikula mabibo mawili tu!"

"Marahaba. Mama Asha, mwondoe huyu mlevi wako."

Mama alinivuta kando huku akicheka. Walimlaza ng'ombe, mtu mmoja akakanyaga ubao ili ndama asizunguke, wengine, mwalimu akiwemo, wakavuta kamba na kumbingirisha ng'ombe kuelekea upande ule ule wa msokoto. Walipombingirisha mara ya tatu, bwana mifugo alipima tena, maji yakamrukia kifuani, na miguu miwili midogo ikachungulia.

"Kizazi kimenyooka!" alipaza sauti.

Watu walishangilia. Mimi nilimwendea mwalimu, aliyekuwa bado ameshika kamba, nikamwambia, "Mwalimu, umesikia mwenyewe."