Leo nimemfanya kijana mzima achechemee

Hii ni ya nyinyi watano mnaojua habari za mwanangu. Msiitoe hapa.

Leo nimesema uongo.

Ijumaa tuko ofu, hatuendi kazini, nikampigia video mwanangu, yule nesi wa Cape Town. Alikuwa anatembea kwa ule mtaa wao, pale wanaume wawili wanashikana mikono mchana na hakuna mtu anageuka kuwaangalia. Alikuwa na yule kijana wanayependana naye. Wameshikana, wanacheka. Na mimi nikacheka, nikasahau niko wapi.

Mnajua chumba chetu cha wafanyakazi hapa Fereej Bin Mahmoud, huku Uarabuni. Vitanda sita, simu ya mmoja ni ya wote. Mama Neema akainama begani kwangu asalimie. Huyo tumetoka kijiji kimoja. Akijua yeye, mwanangu harudi nyumbani tena.

"Na huyo amemshika mkono ni nani?"

Nikasema, "Ni mgonjwa wake. Anamsaidia kutembea."

Mwanangu alisikia.

Halafu yule kijana, bila kuambiwa, akaanza kuchechemea.

Kwa mtaa wao wenyewe, jamani. Kwa ajili yangu.

"Mungu akubariki kwa huo moyo," Mama Neema akamwambia mwanangu.

"Asante, anti."

Baadaye mwanangu akanitumia ujumbe: "Mum usijali, mguu umepona."

Nilicheka, kisha nikaingia bafuni nikafungulia maji ndio nilie.

Huyo kijana hata sijawahi kumsalimia kwa jina lake. Sasa nimwambie nini?