Nyumba Kumi na Moja Zilizofichwa

Joan si mtu wa kujisifu, lakini siku ile alijisifu mpaka wenzake ofisini wakamcheka. Mradi wa maji wa kule Konoin ulikuwa umemletea orodha ya maboma elfu tatu yanayoomba bomba, na orodha yenyewe ilikuwa balaa: mtoto wa miaka mia mbili, mzee aliyezaliwa mwaka ujao. Vichujio vya programu vilishindwa, basi akaandika masharti yake mwenyewe. Panga kwa umbali kutoka mtoni, kusanya kwa vijiji, ficha kila mstari usiowezekana. Pamoja na huu: mkuu wa boma ni mwanamke, na ana mke.

Sharti hilo aliliandika harakaharaka, bila hata kusita. Orodha ikatakata, ikachapishwa, mafundi wakachimba mitaro.

Jumamosi alipofika kwao, kulekule Konoin juu ya Mogogosiek, mtaro ulikuwa umepita langoni ukaenda zake kwa jirani. Mama yake, Dorcus, alikuwa anapanda mlima na mtungi mgongoni.

"Walisema jina yetu hakuna," mama alisema.

"Ni kompyuta, mama. Wakati mwingine inakosea," Joan akajibu, na uongo huo unamuuma hadi leo.

Jumatatu aliliondoa lile sharti. Nyumba kumi na moja zikarudi kwenye orodha, yao ikiwa ya mbali kuliko zote. Mkuu wa boma: Chepkorir, mwanamke. Mke: Dorcus. Huyo Chepkorir, ambaye Joan humwita kogo, yaani nyanya, hakujaliwa mtoto. Akafanya walivyofanya Wakipsigis tangu zamani, akamwoa Dorcus, na watoto wa Dorcus wakawa wake. Ndiye aliyechuma chai mpaka Joan akasomea kompyuta. Joan aliona aibu. Mabomba yalikuwa yamekwisha. Mengine ni mwakani, Mungu akipenda.

Akarudi nyumbani kukiri. Kogo alimsikiliza huku akichambua mboga.

"Kwa hivyo sio kompyuta."

"Ni mimi, kogo."

"Nilitoa ng'ombe sita ndio hii iitwe nyumba. Nani alikuambia ni makosa?"

Joan alitafuta mtu wa kumtaja. Alitafuta sana: mwalimu, mkubwa wa kazi, mtu yeyote. Hakuna aliyemwambia.