Mama wa Refa

Siku binti yangu aliponiambia amepata kazi, nilikuwa nachambua chinsaga, ile mboga chungu ambayo mgeni akiikataa sisi Wakisii humtilia shaka. Niliinuka na sinia mkononi, nikamshukuru Mungu kwa sauti, kisha nikamuuliza ni benki gani. Alikuwa amesomea uhasibu chuo kikuu na akafaulu vizuri. Tangu hapo alikaa nasi nyumbani, huku juu ya Keumbu, akituma maombi ya kazi kwa simu mpaka nikazoea kuongea na utosi wake. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kuuliza benki.

"Si benki, Baba," akasema. "Nimepita mtihani wa urefa."

Kwa Ekegusii, lugha yetu, mama ndiye huitwa baba, na baba huitwa tata, jambo ambalo huwachanganya wageni wengi. Siku hiyo aliyechanganyikiwa ni mimi. Nilimuuliza urefa ni kitu gani, ingawa nilijua. Nimefundisha shule ya msingi hadi nikastaafu, na kwetu refa alikuwa mwalimu yeyote aliyechelewa kujificha mwalimu mkuu alipotoka ofisini na filimbi. Haikunijia akilini kwamba mtu mwenye shahada angeweza kuitafuta kazi hiyo kwa hiari yake, tena akafanyiwa mtihani.

Alinieleza kwa upole. Alikuwa amehudhuria mafunzo mjini Kisii, zile siku nilizodhani anakwenda kuchapisha vyeti vyake. Ataanza na mechi za vijijini, apande ngazi, na siku moja, Mungu akipenda, atachezesha ligi kubwa. Nilimuuliza kama wanalipwa. Akasema wanalipwa kidogo. Nilimuuliza kama wanapigwa. Akafikiri kidogo, akasema siku hizi si sana.

Mume wangu alipopata habari alifurahi kupita kiasi. Yeye ni mtu wa kusikiliza mpira redioni huku akichuma majani chai, na swali lake la kwanza lilikuwa kama baba wa refa huingia uwanjani bure. Nikaona hapo sina mwenzangu. Nilimwendea mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Magokoro, yaani nyanya, nikitumaini kwamba yeye angalau atashtuka. Nilimweleza kwamba mjukuu wake amepata kazi ya kupuliza filimbi na kuwasimamisha watu. Mama mkwe alishika mikono yangu yote miwili akanipongeza. Kumbe alielewa kwamba msichana ameingia polisi wa barabarani. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha, na kwa miezi kadhaa aliwaambia majirani kwamba sasa hakuna gari litakalotusumbua.

Shida yangu kubwa ilikuwa kikundi cha akina mama kanisani. Hao nilikuwa nimeshawatangazia benki. Sikusema uongo, nilisema tunaomba Mungu afungue mlango wa benki, lakini wenzangu walishaufungua wenyewe na kumwingiza binti yangu ndani, na mmoja alikuwa anangoja amsaidie mwanawe kupata mkopo. Sasa wakaanza kumwona alfajiri akikimbia kwenye barabara ya vumbi inayopita katikati ya mashamba ya chai, akifika chini kabisa mtoni, akigeuka, akipanda tena mbio ule mlima ambao sisi huupanda tukipumzika njiani. Kwenye kituo cha kupimia majani, tukingoja lori la kiwanda, mama mmoja aliniuliza kwa sauti ya huruma ni nani anayemfukuza. Nikasema ni mazoezi ya afya. Akaniuliza ana ugonjwa gani.

Nilipambana kwa njia zangu. Nilimnunulia koti zuri la kijivu kwa mama mmoja Mwislamu mwenye duka la nguo mjini Kisii, nikalitundika chumbani kwake mahali ambapo lazima alione akiamka. Nilimpigia simu binamu yangu anayefanya kazi kwenye chama cha ushirika Nyamira, nikamwambia mtoto anajua hesabu kuliko mashine. Nilimwendea mchungaji wetu anisaidie kuomba. Nilianza na lile nililojua litamgusa: mpira huchezwa Jumamosi, na sisi Jumamosi ni Sabato. Mchungaji alisema msichana ameshamweleza kwamba atachezesha Jumapili tu, na wenye mashindano wamekubali. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, akaniuliza kama ni kweli yeye ndiye aliyechezesha ile mechi ya Nyakoe, kwa maana alisikia ilichezeshwa vizuri sana.

Sikuwa na pa kwenda tena. Nikabaki na suala la kaptura. Nilimuuliza binti yangu kama sheria za mpira zinakataza refa kuvaa sketi ndefu. Akacheka mpaka akakaa chini, na mimi, kwa kweli, sikuwa natania.

Ikafika Jumapili ya fainali ya Mosocho. Yalikuwa mashindano ya timu za masoko, na timu ya Mosocho yenyewe ilikuwa imeingia fainali nyumbani kwao. Binti yangu ndiye aliyepewa filimbi. Alituambia habari hiyo mezani, kisha akanigeukia na kuniomba nisiende. Alisema akijua nipo ataniangalia, na refa hapaswi kumwangalia mtu. Nikakubali. Jumapili yenyewe, alipoondoka, mume wangu naye akaondoka bila kuaga, nami nikajua ameelekea wapi. Nilikaa dakika chache nikiangalia sufuria. Halafu nikavaa gauni la kawaida, nikajitanda leso kichwani hadi kwenye nyusi, nikaenda.

Uwanja ulikuwa wa shule, umeinama upande mmoja, na mvua ya mchana ilikuwa imeshaanza kudondoka. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Nilijibanza karibu na mwanamume mnene mwenye mwavuli mkubwa, nikidhani nyuma yake nitajificha vizuri. Kumbe ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote pale Mosocho.

Nilipomwona mwanangu katikati ya uwanja, niliivuta leso chini zaidi. Alionekana mdogo. Wale wachezaji walikuwa wanaume wazima, wabeba magunia, makanga wa matatu, wauza nyama, mapaja kama migomba. Yeye alikimbia kati yao na nywele zake amezifunga nyuma, matope yamemfika magotini, na kila alipopuliza filimbi nilishtuka kana kwamba ni mimi niliyekosea. Lakini nilianza kuona kitu. Hakuwa anakimbia ovyo. Kila jambo lilipotokea alikuwa ameshafika pale, kama mtu aliyeambiwa mapema.

Mwanamume mwenye mwavuli hakuwa ameliona hilo. Alimwambia refa anunue miwani. Alimwambia arudi jikoni. Karibu na mwisho, mabao yakiwa sare, beki wa Mosocho alimwangusha mshambuliaji wa wageni mbele ya goli, na binti yangu akapuliza na kuonyesha kwa mkono ile alama nyeupe ya penalti, ambayo kwa mvua ile ilikuwa haionekani tena. Uwanja mzima ulinguruma. Mwanamume yule aliinua mwavuli wake mbinguni na kuuliza, kwa sauti iliyofika hadi upande wa wageni, ni mama gani aliyemzaa msichana huyu.

"Ni mimi," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema. Nilikuwa nimejificha vizuri kabisa. Aligeuka, akaniangalia kuanzia leso hadi viatu, na mvua ikawa inatunyeshea sote wawili kwa sababu mwavuli ulikuwa bado uko juu hewani. Kisha akaushusha taratibu, akausogeza upande wangu.

"Pole, mama," akasema. "Simama hapa usilowe."

Wakati huo wachezaji wa Mosocho walikuwa wamemzunguka mwanangu. Kapteni wao, jitu refu lenye kifua kama mlango, alikuwa amemwinamia, kidole chake kikicheza mbele ya uso wake. Niliweka mguu ndani ya mstari. Nakiri ningeingia. Sijui ningefanya nini na leso yangu kichwani, lakini ningeingia. Yule mwenye mwavuli alinishika mkono. Binti yangu hakurudi nyuma hata hatua. Hakuinua sauti pia, lakini kelele zilikuwa zimepungua watu wakisubiri kuona, na nikamsikia.

"Mikono nyuma," alimwambia kapteni. "Mikono nyuma ndipo tuongee."

Nilijua sauti ile. Ni yangu. Ndivyo nilivyosema darasani miaka yote, na ndivyo nilivyosema jikoni kwangu kila watoto walipogombana. Na lile jitu, mtu ambaye bila shaka ana watoto wake nyumbani, lilisimama wima na kuweka mikono nyuma kama mwanafunzi wa darasa la tatu. Wachezaji waliokuwa karibu naye walirudi nyuma kidogo, na mmoja wao pia akaweka yake nyuma, ingawa hakuwa ameambiwa. Binti yangu aliongea na kapteni maneno machache ambayo sikuyasikia, akamwonyesha kadi ya njano, kapteni akaitikia kwa kichwa, mpira ukawekwa pale alama ilipokuwa.

Penalti iliingia. Mosocho wakashindwa nyumbani kwao. Kuanzia pale jirani yangu wa mwavuli hakumtukana refa tena. Alihamishia hasira zake zote kwa mshika kibendera, na baada ya kila tusi alinitazama kuhakikisha kwamba huyo naye si wangu.

Mechi ilipokwisha nilitaka kutoroka, lakini lango la shule lilikuwa moja, na watu walikuwa wanatoka polepole kwa sababu ya matope. Binti yangu akanikuta hapo. Kapteni wa Mosocho alikuwa ametoka kumpa mkono, na uso wa binti yangu ulikuwa bado unang'aa.

"Baba, nilikuomba usije," akasema. Yule mwanamume wa mwavuli, aliyekuwa nyuma yangu na ambaye pengine hakuwa Mkisii, alinitazama upya kwa mshangao.

Nikamwambia nilikuwa napita tu, nimekuja kumwona dada yangu.

"Mama mdogo anakaa Nyakoe," akasema.

Hatukuendelea na mjadala huo. Upande wa pili wa barabara mume wangu alikuwa amesimama chini ya paa la kinyozi, akijifanya kusoma bei za kunyoa. Alituona, akatushangaa kana kwamba tumekutana Ulaya. Tulinunua mahindi ya kuchoma tukala hapo tukiwa tumelowa, na hakuna aliyezungumzia kazi.

Sitadanganya kwamba wasiwasi umeniisha. Siku hizi anawafanyia hesabu wenye maduka wawili watatu Keumbu, na Jumapili anachezesha. Koti la kijivu alilivaa alipoitwa Kisumu kwa mafunzo ya daraja la juu, nami nikamwombea nikiwa sijui hasa naomba nini. Kanisani wale akina mama wameacha kuuliza habari za mkopo. Sasa wanataka aje kuamua ugomvi wa mpaka wa shamba. Na mimi nikisikia amepangiwa mechi mbali, sili vizuri mpaka arudi, kisha nampokea kwa kumuuliza kama ameona tangazo la kazi la benki fulani. Anasema ameliona.

Juzi asubuhi nilimwomba anifundishe maana ya kuotea, kwa sababu nimechoka kupiga kelele uwanjani bila kujua ninachopigia. Alipanga vikombe mezani kuwa mabeki, punje ya mahindi ikawa mpira, na ndizi mbivu akaisimamisha mbele ya sahani kuwa golikipa. Akasogeza vikombe huku na huku. Nilimuuliza kwa nini mtu aliyewahi kufika mbele aadhibiwe badala ya kusifiwa. Akaanza upya, taratibu, kwa ile sauti yangu. Nilikuwa karibu kuelewa, nadhani, mume wangu alipoingia kutoka shambani, akasalimia, akamchukua golikipa, akammenya na kumla akiwa amesimama.