Kiondo Nilichokikana Japani

Siku ile bado naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijapoa. Ni hasira ya kujikasirikia mwenyewe.

Nilikuwa nesi kijana hapa Eagan, huku ughaibuni, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, nikaenda likizo Japani na wenzangu wa kazini. Tulipelekwa kijiji cha milimani, chenye nyumba za mapaa mazito ya nyasi. Huko tulimkuta bibi mmoja akisuka vikapu vya mianzi. Aliupasua mwanzi kwa kisu mpaka ukawa mwembamba kama uzi. Nilimsifu hadi machozi yakanilengalenga. Akaniuliza kupitia kwa mkalimani, "Na kwenu, akina mama husuka nini?"

Nami, Mkamba niliyelelewa na mama msukaji, nikacheka. "Sisi? Hatuna kitu kama hiki."

Bibi alinitazama kama anayempa pole mfiwa.

Niliporudi nilimsimulia mama, ambaye wakati huo alikuwa amekuja kuishi nami hapa, yote, hata jibu langu, nikidhani atacheka. Aliinuka, akaenda gereji, akarudi na kiondo alichonisukia nilipokuwa naondoka Machakos. Nilikuwa nakitumia kuwekea chumvi ya kuyeyushia barafu mlangoni. Chumvi ilikuwa imezila nyuzi, kitako kimetoboka.

"Mkonge huu niliusokota kwa paja langu hili," akasema. "Umevuka bahari kulilia kikapu cha mama wa watu, changu umekiozesha! Kisha ukasema hatuna. Nani alikutuma useme hatuna?"

Majuto ni mjukuu. Nilimwomba anifundishe.

"Nikufundishe kwa vidole gani?" Vilikuwa vimepindwa na baridi yabisi. Alinielekeza kwa maneno tu, majira mawili ya baridi. Kiondo changu cha kwanza kilitoka kimeinama upande. Alifariki kabla sijaanza cha pili.

Basi mwanangu, wewe unayenijibu kwa Kiingereza nikikusalimu kwa Kiswahili, safiri. Milima ya watu ni ya kuonwa, na mafundi wao wanastahili heshima. Lakini mkataa kwao ni mtumwa. Kabla hujapiga picha mikono ya bibi wa ugenini, keti kwanza na bibi yako aliyebaki, umuulize anajua kutengeneza nini, angali na nguvu za kukuonyesha. Na ukiulizwa kwenu kuna nini, usithubutu kusema hakuna!

Mungu akufungulie njia, akurudishe salama, na akujalie wazee wako wakufundishe wakiwa hai.